Haja na Tamaa: Vijana Wetu, Safari za Mjini na Mahali pa Kulala



Wazee wa parishi yetu wakikutana, mazungumzo hayakosi kufika kwa watoto walioko Dar es Salaam, Dodoma, Mbeya na Tunduma. Mmoja husema kijana wake ameajiriwa lakini hatumi kitu nyumbani. Mwingine husema binti yake ni mwalimu huko Mbagala, na kila akipigiwa simu yuko ndani ya daladala. Wa tatu hudai kwamba vijana wa siku hizi wanapenda raha: wanataka kazi iwe karibu na nyumba, nyumba iwe na maji na choo ndani, na mshahara utoshe vyote hivyo. Mwisho hukumu hutolewa, nayo ni fupi: "Vijana wana tamaa."

Neno tamaa ni zito. Mababu walisema, tamaa mbele, mauti nyuma. Ukimwambia mtu ana tamaa umemwambia kwamba anachokitaka si halali yake, na kwamba akikikosa hapana aliyemkosea. Kwa hiyo yatupasa kuwa na hakika kabla ya kulitamka neno hilo. Katika makala hii twataka kuuliza swali moja tu: Hayo wanayoyataka vijana wetu wenye kazi za mishahara, yaani safari fupi, makazi ya uhakika na kazi yenye kikomo, je, ni tamaa au ni haja? Na kama ni haja, ni nani mwenye wajibu?

Tuanze na safari. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu katika mji wa Dar es Salaam watu wapatao 273,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika mkoa huo watu 5,383,728. Wingi huo ni karibu mara ishirini ya ule wa kwanza. Lakini ofisi nyingi, benki, bandari na maduka makubwa yamebaki pale pale, Posta, Kariakoo na sehemu za jirani, hali watu wamekwenda kulala mbali: Mbagala, Gongo la Mboto, Chanika, Mbezi, Bunju, hata Kibaha. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, liliundwa mwaka 1974, lakini mabasi yake hayakutosha. Mwaka 1983 watu binafsi wakaruhusiwa kuingiza magari yao barabarani, na kwa kuwa nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu iliyoitwa "dala", magari hayo yakapewa jina la daladala. Mwaka 2012 treni za abiria zilianza kutembea ndani ya jiji, nyingine zikipita kwenye reli ile ile ya TAZARA inayopita Tunduma. Mwezi Mei 2016 yalianza mabasi ya mwendokasi, yenye njia yao wenyewe kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya kwenda Gerezani na Morocco. Yote hayo ni mema. Hata hivyo abiria hawajaacha kulalamika kwamba magari ni machache, na kwamba asubuhi na jioni foleni za watu ni ndefu kupita foleni za magari.

Sasa tufanye hesabu, kwa kuwa ualimu umetuzoesha hesabu. Tumchukue kijana mmoja aishiye pembeni ya jiji. Huamka saa kumi alfajiri, hutoka nyumbani saa kumi na moja, hufika kazini saa moja. Jioni hutoka saa kumi na moja na kufika nyumbani saa moja usiku. Hizo ni saa nne njiani kila siku. Kwa siku tano za wiki ni saa 20. Tukiondoa likizo, tuseme mwaka una wiki 48 za kazi. Basi ni saa 960. Tukizigawa kwa 24 tutapata siku 40 kamili, usiku na mchana.

Wakristo twaijua hesabu ya siku arobaini. Kwaresima yetu huwa na siku arobaini, nasi twaiingia kwa hiari, tukijua sababu yake na mwisho wake. Kijana huyu ana siku arobaini nyingine kila mwaka, amesimama, ameshika bomba la juu, mkoba ameukumbatia kifuani asiibiwe. Hakuzichagua. Hazimfundishi kitu na halipwi kwa ajili yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki. Ukiongeza zile 20 za njiani zinakuwa 65. Yaani ni kama amepewa karibu nusu ya kazi nyingine isiyo na mshahara.

Tena tusidhani kwamba saa hizo ni zake peke yake. Ni saa za mtoto wake mdogo, anayeachwa amelala na kukutwa amelala. Ni saa za jirani mgonjwa ambaye hakwenda kumtazama, na za jumuiya ya nyumba kwa nyumba ambayo hakuifikia. Ni saa za mama yake huku Galula, ambaye hupigiwa simu katikati ya kelele za konda, akasema mwanangu amebadilika. Huenda hakubadilika; amechoka tu.

Kutoka safari twende kwenye makazi, maana mambo hayo mawili ni ndugu. Mtu hulala mbali kwa sababu karibu hapalipiki. Na hata huko mbali, mwenye nyumba hudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na pengine ya mwaka mzima, kabla mpangaji hajaingiza hata kitanda. Dalali naye hudai kodi ya mwezi mmoja iwe ujira wake. Tuseme chumba ni shilingi 80,000 kwa mwezi. Kwa miezi sita ni shilingi 480,000, na ukimlipa dalali zinakuwa 560,000. Fedha hizo anatakiwa awe nazo kijana ambaye mshahara wa kwanza bado hajauona. Na mshahara huo ukija, kama alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, asilimia 15 hukatwa kabla haujamfikia. Hatusemi makato hayo ni mabaya, kwa kuwa deni ni deni, na wadogo zake nao wanangoja kukopeshwa. Twasema tu kwamba kabla hatujauliza "fedha zake huenda wapi?" ingefaa tushike kalamu na karatasi.

Jambo la tatu ni kazi yenyewe. Wengi wana mikataba ya miezi michache inayofanywa upya kwa hisani ya mkubwa. Wapo wanaofundisha au kuhudumia wagonjwa kwa "kujitolea" mwaka baada ya mwaka, wakitumaini kuajiriwa. Simu nayo imewafuata hadi kitandani. Maagizo ya ofisini huja saa tatu usiku, na asiyejibu huonekana mzembe. Wanachokiomba ni kujua kazi inaanzia wapi na kuishia wapi, ili kinachobaki waweze kukiita maisha yao.

Wako watakaotujibu kwa methali: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hiyo ni ya kweli. Lakini anayeinama mvunguni huokota kitu chake akasimama tena. Methali haikusema abaki ameinama miaka thelathini.

Wako pia watakaosema: mbona sisi zamani tulitembea maili nyingi kwa miguu na hatukulalamika? Ni kweli tulitembea tulipokuwa wanafunzi. Lakini tulipoajiriwa mambo yalikuwaje? Watumishi wengi wa kizazi chetu walipewa nyumba. Mwalimu alikaa katika nyumba ya shule, akisikia kengele akiwa mezani. Muuguzi alikaa kwenye kota za hospitali, mtu wa reli kwenye kota za reli, bwana shamba kwenye nyumba ya serikali. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka watoto wote wapate elimu ya msingi ifikapo Novemba 1977, vijiji vingi nchini vilijenga madarasa pamoja na nyumba za walimu kwa nguvu za wananchi. Hapana aliyesema kwamba mwalimu anayetaka nyumba ana tamaa. Kila mtu alielewa kwamba kazi huanzia pale mtu anapolala. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 2000, serikali iliuza maelfu ya nyumba zake kwa watumishi waliokuwa wakikaa ndani yake. Waliopata walipata, waliokuja nyuma wakakuta milango ina wenyewe. Basi haifai kizazi kilichopangishiwa nyumba jirani na kazi kukiita kizazi kingine kivivu kwa kutamani kitu kile kile.

Hata hivyo hatutaki kusema kwamba kila anachokitaka kijana ni haki yake. Hapo tutakuwa tumeikimbia hukumu moja kwa kuangukia nyingine. Lazima kiwepo kipimo. Sisi twapendekeza hiki: haja ni kile ambacho mtu anaweza kukitaka kwa ajili yake na kwa ajili ya wote, na wote wakikipata kinabaki kuwa chema. Tamaa ni kile kinachopendeza kwa sababu wengine hawana, na wote wakikipata kinaharibika.

Tukijaribu kipimo hiki barabarani, kinaonyesha wazi. Kijana mmoja husema, "Nataka gari dogo langu niondokane na daladala." Twamwelewa. Lakini kila mmoja katika hao mamilioni akiingiza gari lake barabarani, hapana atakayesogea, na yeye mwenyewe atakaa kwenye foleni amefunga vioo. Mwingine husema, "Nataka basi linalokuja kwa saa yake, lenye nafasi." Kila mtu akilitaka hilo na kulipata, wote watafika. Basi moja refu la mwendokasi hubeba watu zaidi ya mia moja mahali ambapo magari madogo matatu au manne yangebeba watu watano. Matakwa ya pili ni haja ya kweli, na jamii ina wajibu nayo. Matakwa ya kwanza si dhambi, lakini asiyepewa gari hawezi kusema amedhulumiwa.

Hata reli mpya ya kisasa tuipime hivyo. Tangu Juni 2024 treni ya umeme huenda Morogoro kutoka Dar es Salaam, na tangu mwisho wa Julai mwaka huo hufika Dodoma. Wako waliosema kwamba sasa mfanyakazi wa Dar es Salaam anaweza kulala Morogoro. Kwa muda wa safari yawezekana. Lakini nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa mwaka 2024 kwa Morogoro ilikuwa shilingi 13,000, yaani 26,000 kwenda na kurudi. Mwalimu kijana hawezi kulipa hizo kila siku ya kazi. Kwa hiyo reli hiyo ni msaada mkubwa kwa msafiri, lakini bado haijawa jibu la huyu anayeamka saa kumi alfajiri.

Tukijaribu kipimo kile kile kwenye nyumba, twarudi kwenye swali ambalo nchi yetu ililiuliza zamani. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka miiko ya viongozi, na mmojawapo ulikuwa kwamba kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 sheria ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majengo. Wengi wa wasomaji wetu wanakumbuka. Mwaka 1991, huko Zanzibar, miiko ile ililegezwa. Twaweza kubishana mpaka jioni kama hatua zile zilikuwa za busara, na kama zilijenga nyumba au zilikatisha watu tamaa ya kujenga. Lakini swali lililokuwa ndani yake halijazeeka: Je, yafaa mtu ajipatie riziki kwa kuwa mwenzake hana pa kulala? Jibu letu ni kwamba kupangisha ni kazi halali, maana aliyejenga alitoa jasho lake, na mpangaji hupata pa kukaa. Ubaya huingia pale mwenye nyumba anapoutumia uhitaji wa mwenzake kumtoza asichoweza kukipinga: kodi ya mwaka mzima, kuhamishwa bila taarifa, bei kupandishwa kwa neno la mdomo. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo sehemu kubwa ya mambo haya yameachiwa mikataba, na dhamiri za watu.

Na hapo ndipo tunaporudi nyumbani, ndugu wasomaji. Ni rahisi kuwalaumu wenye nyumba wa Kimara na Mbagala, kwa sababu hatuwajui. Lakini vijana wenye mishahara hawaendi mjini tu. Wengine huletwa kwetu. Mwalimu kijana kutoka Kilimanjaro au Mwanza hupangiwa shule katika bonde hili la Songwe. Muuguzi hupangiwa zahanati. Karani hupangiwa ofisi Mkwajuni, au mpakani Tunduma, ambako kituo cha pamoja kati yetu na Zambia kilifunguliwa mwaka 2019 na shughuli ni nyingi. Wakifika, wanaulizia chumba. Na mlango wanaoubisha ni mlango wa mmoja wetu.

Hapo twamjibu nini? Wako watu wema wanaompokea mgeni, wakampa chumba na kumwambia, utalipa mshahara ukitoka. Mungu awabariki. Wako pia wanaosema, "Huyu ni mtumishi, ana fedha za serikali," wakadai miezi sita. Kijana akishindwa hukaa mbali na shule, akapanda bodaboda asubuhi kwa nauli inayomaliza posho, au hutembea, akafika darasani amechelewa. Baada ya mwaka huomba uhamisho. Nasi twasema, "Walimu wa siku hizi hawapendi kukaa vijijini." Watoto wetu wamebaki bila mwalimu wa hesabu, na hasara hiyo ni kubwa kuliko kodi ya miezi sita.

Kwa upande wa pili, vijana nao wana la kujiuliza. Yupo anayepata kazi kijijini mahali penye nyumba na maji, naye akakataa kwa sababu tu marafiki zake wako mjini na hapa hapana wa kumwona. Huyo tukimwambia ana tamaa hatumwonei. Yupo anayelipa kodi ya nyumba ya fahari kuliko uwezo wake, kisha hukopa nauli. Kujitesa kwa ajili ya kuonekana ni utumwa, hata kama pingu zake zinang'aa. Kijana wa namna hiyo anahitaji mzee wa kumwambia ukweli kwa upole.

Nabii Yeremia aliwaandikia barua watu wake waliokuwa ugenini Babeli. Huenda walitegemea kuambiwa waishi kama watu wa safari, mizigo yao imefungwa. Badala yake aliwaagiza wajenge nyumba wakae ndani yake, wapande bustani, walee watoto, na wautafutie amani ule mji walimopelekwa. Twaona kwamba hakuhesabu nyumba na bustani kuwa anasa. Aliona kwamba mtu asiye na mahali pa kutulia hawezi kuutakia mema mji anaokaa. Sisi wazazi huwaandikia watoto wetu barua za namna nyingine, siku hizi kwa simu: tuma fedha, rudi upesi, mbona hujajenga nyumbani? Mara chache twawauliza kama huko waliko wamepata pa kutulia.

Basi yako mambo matatu ambayo yako ndani ya uwezo wetu, bila kungoja serikali wala jiji.

La kwanza, mwenye chumba cha kupangisha katika parishi hii amtoze mtumishi mgeni kodi ya mwezi kwa mwezi, au ya miezi mitatu kwa aliye na uwezo, na mapatano yaandikwe mbele ya shahidi. Maandishi humlinda mpangaji, na humlinda mwenye nyumba vile vile.

La pili, wazee wa kanisa wapeleke kwenye mkutano wa kijiji habari ya nyumba za walimu na wauguzi. Vijiji vilizijenga mwaka 1975 kwa matofali ya kuchoma na mikono ya watu. Mikono bado tunayo, na udongo bado upo.

La tatu, tukimpigia mtoto wetu wa mjini, swali la kwanza liwe, "Umelala saa ngapi, na umeamka saa ngapi?" Akishajibu, tuseme naye habari za fedha. Huenda tukasikia kitu ambacho hakuwahi kutuambia, kwa kuwa aliogopa kuitwa mwenye tamaa.

Anayetaka kutujibu juu ya haya, na hasa vijana wenyewe, alete neno lake kwa mhariri. Tutafurahi kukosolewa na wale tuliowasema. Amani ya Bwana iwe nanyi nyote.